Servere mu kabati ya mama

Siku ya posho iliyopita, saa kumi na mbili na nusu ya magaribi, umeme ulikatika mu Kapata, hapa kando ya Kolwezi, sawa kawaida. Televizio za majirani zilinyamaza mara moja. Inje mama mumoja alisema neno ambalo hatutaliandika hapa. Lakini mu lupango tulimokuwa tumekaa, kitu kimoja hakikuzima. Mu kabati ya vyombo, nyuma ya sufuria na zile sahani zinazotoka tu siku ya wageni, kataa kamoja ka rangi ya kijani kaliendelea kupepesa.

Ni ordinatere ya kubeba, ya zamani. Ekra yake ilipasuka, vidude vitatu vya kuandikia vimetoka, na kifuniko kimefungwa na kipande cha mpira wa kinga. Mutu yeyote angeitupa. Kijana wa nyumba aliichomoa kidogo ili tuione, na mama yake akamwambia angalia sahani zangu.

"Hii njo servere yetu," kijana alituambia. "Ekra ilikufa, lakini batri ingali muzima. Umeme ikienda, yeye hata hajue."

Tulikwenda kule sababu wazazi wengi wanatuuliza ulizo moja: mtoto wangu anakusanya mashini za kufa, anavuta kable mu nyumba yote, analala saa nane za usiku, na akiulizwa anasema anafanya "reso". Ni mchezo, ni kazi, ao ni wizi wa mu telefone? Tulikaa naye siku nzima, pamoja na wenzake wawili, na tulirudi tena juma lililofuata.

Kwanza hili neno servere, linaloogopesha bure. Servere ni mashini yenye kutumikia mashini zingine, basi. Wazee waliofanya kazi zamani wataelewa mbio: ni sawa kantini ya posho. Unga unakaa fasi moja, chini ya funguo moja, na kila jamaa inakuja na mufuko wake. Zile servere kubwa za mu Ulaya na Marekani zinajaza manyumba mazima, zenye kupozwa na mashini za hewa. Ya Kapata inajaza nusu ya rafu moja. Kazi ni ileile.

Ndani yake kuna nini? Kuna Wikipedia ya Kifaransa, nzima, makala zaidi ya milioni 2 na nusu. Inafunguliwa na programu yenye jina Kiwix, iliyoanza mwaka 2007 juu ya watu wasiokuwa na intaneti, na pamoja na picha zake inakula zaidi ya giga 30 ku diske. Kijana hakuishushia hapa, mega zingemumaliza. Aliishushia Lubumbashi, mu ofisi moja ambamo mjomba wake ni mulinzi, usiku tatu, akarudi na basi, diske ikiwa ndani ya soksi, soksi ndani ya begi, begi mu magoti. Kuna pia Wikipedia ya Kiswahili, iliyozaliwa 2003. Ni ndogo, inaingia mu kipande cha USB na nafasi inabaki.

Tangu siku ile, mtoto wa lupango ao wa jirani anaunga telefone ku wifi ya nyumba na kusoma bila kukata mega hata moja. Hapa tuliona kitu ambacho sisi wenyewe tulikuwa tunakosea. Tunafikiri wifi ni intaneti. Hapana. Wifi ni barabara tu kati ya telefone yako na mashini ya mu kabati. Barabara inaweza kufika ku shamba lako bila kufika Lubumbashi. Watoto wanaojitayarisha kwa Exetat walikuwa sita siku tulipofika, wamekaa ku malata ya zamani chini ya muembe, kila mumoja na telefone yake, mumoja akisoma juu ya moyo wa mutu, mwengine juu ya Bismarck. Wa saba alikuwa anaangalia picha za magari. Hatukumusemea.

Kila mashini yenye kuingia mu ile reso inapewa adrese. Karibu zote zinaanza na 192.168, na ukienda mu nyumba ya Brussels ao ya Nairobi utakuta zinaanza vilevile. Hazigongane, sababu kanuni ya mwaka 1996 ilizitenga kuwa za ndani ya nyumba tu. Kijana alieleza vizuri kuliko sisi: "Kila lupango iko na mutu banaita Papa. Ukiita Papa mu lupango yenu, wa kwa jirani haitike."

Sasa tuje ku kable, sababu pale njo mambo yaliwaka.

Kijana alitaka kuunganisha nyumba ya rafiki yake, upande wa pili wa njia, metre kama 70. Kable ya reso inaruhusiwa kufika metre 100, kisha pale ishara inachoka. Alipata mu soko rulo moja ya bei ya chini, karibu nusu ya bei ya zingine. Muuzishaji aliapa ni shaba safi. Waliivuta siku ya yenga, ikafanya kazi siku mbili, ikaanza kukatakata. Telefone zinaingia, zinatoka. Akabadilisha vichwa vya kable mara tano. Kila akikunja nyuzi, mumoja unavunjika sawa kijiti kikavu. Akasema ni rutere, akaifungua. Akasema ni programu, akaifuta na kuiweka upya. Juma mbili zikaenda.

Baba yake alikuwa anaangalia tu, ku kiti chake. Ni muzee wa pansioni, aliyefanya miaka mingi mu usine ya kusafisha shaba. Siku moja aliomba kipande cha ile kable. Akatoa kisu, akakwangua uzi mumoja pole pole, akauonyesha ku jua. Inje ulikuwa mwekundu. Ndani ulikuwa mweupe.

"Mi siko mutu ya ordinatere," muzee alituambia, na kisu kingali mu mukono. "Lakini mukuba minajua. Hii haiko mukuba. Ni aluminium, balivalisha yee nguo ya mukuba."

Alisema kweli, na udanganyifu huu unajulikana dunia nzima. Viwanda vingine vinachukua uzi wa aluminium na kuupaka shaba nyembamba juu. Bei inashuka, rangi inadanganya jicho. Lakini aluminium inazuia umeme zaidi ya shaba, zaidi ya nusu kwa uzi wa unene uleule, inavunjika ukiikunja mara na mara, na kama kable ile inabeba pia umeme wa kulisha kamera ao antene, inapata moto. Mukitaka kununua, musiangalie rangi. Kwangueni. Inueni rulo: shaba ni nzito zaidi ya mara tatu kuliko aluminium, na mukono wa mutu wa mugodi unasikia tofauti hiyo bila mizani. Someni pia maandiko ku ngozi ya kable. Herufi CCA maana yake ni ile nguo. Bengine wanaiandika wazi kabisa sababu wanajua hakuna mwenye kusoma.

Tuseme ukweli, tulicheka, kisha tukanyamaza. Shaba inatoka hapa, katode zenye usafi wa 99.99 zinapita ku kamioni mbele ya mlango wetu kila siku na usiku, vumbi yao iko mu nguo zetu za kufua, na mutoto wa Kapata anauzishiwa aluminium.

Tangu siku ile muzee ameingia mu kazi ya reso kwa nguvu. Yeye ndiye anapima kable zote za kartie, na vijana wanamwita "laboratware".

Kati ya wale wenzake wawili mumoja ni mudada, na yeye ameshapata kazi ku kampuni ndogo inayotumikia migodi. Mu migodi ya leo kamioni, kamera, mizani na redio vinapita ku reso, na uzi mumoja ukikatika kazi inasimama. Siku ya kumujaribu hawakumuuliza diploma kwanza. Walimupa kable, kichwa cha plastiki na pensi ya kubana, wakaangalia saa. Ndani ya kable muna nyuzi nane, mbili mbili zimesokotana, na wengi wanazipanga hivi: nyeupe ya machungwa, machungwa, nyeupe ya kijani, bluu, nyeupe ya bluu, kijani, nyeupe ya kahawia, kahawia. Alizipanga akifunga macho, ndivyo anavyosema, na sisi tunamupa nusu ya habari hiyo. Lakini alituonyesha mbele yetu, macho wazi, na hakuchukua hata dakika mbili. Alijifunzia pale pale, ku meza ya kula, na vipande vya kable vilivyotupwa.

Mama wa nyumba alikuwa na shauri lake, nalo ni umeme. Wana kontere ya kulipa mbele, na kila mara unite zinaisha haraka macho yote yanageuka ku kabati. Tulifanya hesabu pamoja naye, ku kipande cha karatasi. Ordinatere ya kubeba, ekra ikiwa imezimwa, inakula karibu wati 15. Mu siku nzima ni wati-saa 360, mu mwezi ni karibu kilowati-saa 11. Resho yake ya kupikia ni ya wati 1,500. Basi mwezi mzima wa servere ni sawa saa saba na kidogo za resho. Mama aliangalia karatasi, akaangalia resho, akasema maharagi peke yake yanapita pale.

Lakini asishinde mtoto peke yake. Mwaka uliopita kijana alileta servere ya kweli, ya chuma, iliyotupwa na ofisi fulani. Nzito sawa ndama, yenye kulia sawa kinu. Ile ilikula wati 150 hata ikiwa haifanye kitu, yaani kilowati-saa 108 mu mwezi. Ilikaa siku nne. Mama aliizima mwenyewe, akavuta uzi ku prizi, akaweka mbele yake ndoo ya maji sawa onyo. Leo imelala chini ya kitanda. Vijana wa kazi hii wa inchi zote wanapenda chuma kikubwa, na karibu wote wanarudi ku kidogo. Kule Uingereza mwaka 2012 walitoa Raspberry Pi, ordinatere ya ukubwa wa karata ya benki, ya dola 35, inayokula wati chache tu, na kumbe ilitosha kwa mambo mengi ya nyumbani. Hata Google, mbele ya kuwa Google, ilianza mwaka 1996 ku chuo cha Stanford na diske kumi za giga 4, zimepangwa mu kisanduku cha Lego, ile michezo ya watoto. Mwenye kucheka kabati ya mama akumbuke ile.

Neno moja juu ya batri. Ordinatere ya kubeba iko na batri yake ya litium, mara nyingi yenye cobalt ndani, na ndiyo inayoiokoa mu delestaji. Ikivimba, iondoeni mu nyumba siku ileile, musiitoboe. Wengine wanaunga batri ya gari. Inafanya vizuri, lakini ikichajiwa inatoa gazi ya idrojeni, inayowaka na cheche moja. Ikae inje, chini ya malata, si mu chumba ambamo watoto wanalala.

Na radi. Mu mwezi wa kumi na mbili radi ilipiga karibu na muembe. Ile kable ya metre 70, sasa ya shaba ya kweli, ilibeba pigo mu nyumba zote mbili na kuua rutere na kisanduku cha kugawia nyuzi. Kartie ilisema kuna mutu aliituma. Sisi hatuingie mu maneno ya jirani na jirani, lakini waya mrefu wa shaba kati ya manyumba mawili, mu inchi yenye radi sawa yetu, hauhitaji mutu wa kuituma. Leo wanavusha njia kwa antene mbili ndogo zinazoangaliana, na mvua ikinusa wanachomoa prizi.

Tunafika ku jambo ambalo tulitaka kulipita, na jamaa njo ilisema tuliandike.

Mukubwa wa ile nyumba, kaka ya kijana, alifariki miaka sita iliyopita. Alikuwa mu shimo, udongo ukaanguka. Picha zake zilibaki mu telefone yake na mu telefone za watu wengine, moja huku, mbili kule. Kijana alianza reso yake sababu ya zile picha. Hakutuambia siku ya kwanza. Alisema alipenda mashini. Siku ya pili alisema aliona telefone ya kaka yake ikianza kuzima yenyewe, na aliogopa.

Basi alikusanya yote ku servere. Picha zaidi ya mia tatu, na sauti 14 ambazo kaka yake alimutumia mama kwa telefone: nikuletee unga, leo nachelewa, mwambie mudogo afunge mlango. Mambo ya kila siku. Mama hakuwa na nafasi tena mu telefone yake, ilikuwa inakataa kila kitu. Kijana akamwambia futa, Mama, iko salama kule. Mama akafuta.

Mu mwezi wa tatu diske ilianza kulia, tak, tak, tak. Wenye kazi wanajua sauti ile: kichwa kinachosoma kinatafuta njia na hakiioni. Wakati huo kuna kitu kimoja tu cha kufanya, kuizima na kutoigusa tena mpaka kwa fundi mwenye chumba kisicho na vumbi. Kijana hakujua. Aliiwasha na kuizima mara makumi. Mutu akamwambia iweke mu frigo, akaiweka mu frigo. Mwishoni aliifungua na turnavisi. Ndani aliona sahani inayong'aa sawa kioo. Juu ya ile sahani kuna utando mwembamba wenye cobalt, umechanganywa na chrome na platine, na kila picha, kila sauti, ni vipande vidogo sana vya utando ule vimegeuzwa kaskazini ao kusini. Vumbi ya Kapata iliingia. Diske haikusoma tena.

Alikuwa na nakala. Wenye kazi wana kanuni: nakala tatu, ku vitu viwili vya aina tofauti, na moja ikae mbali na nyumba. Yeye alikuwa nazo mbili, ya pili mu diske kwa shangazi ku Likasi. Ilikuwa ya mwezi wa kumi wa mwaka uliopita. Picha zote zilikuwa humo. Sauti aliziweka ku servere kisha mwezi ule, miezi mitano ilipita, kila siku ya yenga alisema atakwenda Likasi, ao umeme unakosekana, ao falanga ya basi inakosekana.

"Hakunigombeza," kijana alituambia. "Afazali angenigombeza."

Walitafuta mu telefone zote za jamaa. Binamu mumoja wa Kasumbalesa alikuwa na moja, sababu mama alimutumia zamani, juu ya kuuliza kitu. Ina sekunde tisa. Kaka anauliza kama ile seruri ya mlango wa nyuma ilitengenezwa, na nyuma yake kunasikika kamioni.

Leo ile sauti iko ku servere, ku diske ya Likasi, ku telefone ya baba, ku telefone ya mama, na ku kipande cha USB ndani ya Biblia. Kila siku ya yenga, mbele ya misa, mama anauliza: nakala ilifanyika? Na kijana haruhusiwi kujibu na mdomo. Anapaswa kuifungua, mama asikie sekunde zote tisa, kisha wanaenda.

Tulipotoka, umeme ulikuwa haujarudi. Muzee alitusindikiza na tochi mpaka ku njia. Pale aliinama, akaokota kipande cha kable ku matope, akakikwangua na ukucha.

"Ya kweli," alisema, akakiweka mu mufuko.